DARASA YA KUAZIMU JAMBO NA KULICHUKUA KWA KADIRI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba mauti na uhai, akaupa kila umri kikomo chake. Na rehema na amani zimfikilie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ada ya watu wengi, uingiapo mwezi wa Ramadhani, ni kujaa misikitini hata safu zikafika barazani na misahafu isitoshe. Kila mmoja ana makusudio makubwa: huyu atakhitimu Kurani kila siku kumi mpaka afe, huyu hataacha tena sala ya usiku, na yule ataanza kusoma fikihi upya japokuwa ndevu zimekwisha kuwa nyeupe. Hata ukiandama mwezi wa Shawwali, wiki haipiti, safu zimerudi kuwa mbili, na misahafu imepandishwa rafuni.

Watu hawa si wanafiki, wala hawakusema uwongo walipokusudia. Walikusudia kweli, ila hawakujua namna ya kukusudia. Na kukusudia ni elimu. Ina hukumu zake na adabu zake, kama udhu ulivyo na faradhi zake na sunna zake. Aliyetawadha bila ya kujua faradhi za udhu huenda akamaliza maji yote ya birika na udhu asiupate. Darasa hii imewekwa kwa kubainisha mambo hayo, kwa njia ya madhehebu ya Imamu Shafii, katika milango minne.

MLANGO WA KWANZA: TOFAUTI YA KUTAMANI NA KUAZIMU

Jua, ewe ndugu, ya kuwa moyo hupitiwa na mambo mengi, na si yote yaitwayo azma. Kutamani ni kulipenda jambo bila ya kuweka wakati wake wala njia yake. Kuazimu ni kulikata shauri jambo, ukajua utalifanya lini na kwa kitu gani, hata likikosekana ujue kwamba limekosekana. Mwenye kutamani hakosi kitu, maana hakuweka kitu. Kwa hiyo miaka ishirini humpita naye yu radhi na nafsi yake.

Wanachuoni wa madhehebu hawakuiacha tofauti hii katika mawaidha tu; waliitia katika hukumu. Sala ya adhuhuri wakati wake ni mpana. Mtu ana ruhusa asiisali mwanzo wa wakati, akaisali katikati, wala hana dhambi. Lakini kwa kauli iliyo sahihi, ruhusa hiyo ina sharti: awe ameazimu moyoni kuisali kabla wakati haujatoka. Asiyesali na asiazimu ana dhambi tangu hapo, ijapokuwa jua lingali juu. Basi watu wawili wameketi baraza moja, wote wawili hawajasali, saa ni moja. Mmoja yu katika ruhusa na mwenziwe yu katika maasi. Hapana kilichowatenga ila azma.

Na mfano mkubwa kuliko huo ni Hija. Kwa Imamu Shafii, mwenye uwezo halazimiki kuhiji mwaka ule ule alioupata uwezo. Ana nafasi ya kuakhirisha. Miongoni mwa hoja zake ni kwamba Makka ilifunguliwa katika mwaka wa 8 wa Hijra, na katika mwaka wa 9 Mtume S.A.W. alimtuma Sayyidna Abubakar R.A. awaongoze mahujaji, naye mwenyewe hakuhiji ila mwaka wa 10. Watu wa pwani wengi wanaijua ruhusa hii, na huitaja sana. Masharti yake ndiyo wasiyoyataja. La kwanza, aazimu kuhiji. La pili, asiwe na khofu ya kushindwa mbele, kwa uzee, au maradhi, au kupotewa na mali. Akikhofia hayo, nafasi imekwisha na Hija imekuwa ya mara moja.

Akifa hali alikuwa na uwezo wala hakuhiji, hufa ni mwenye kuasi, japokuwa kila mwaka alikuwa akisema, "Inshallah mwakani." Na Hija yake huwa ni deni juu ya mali yake: hutolewa katika tarika, kabla ya wasia na kabla ya warithi kugawana. Mtu aliyekuwa na minazi yake na nyumba zake za kodi, akajenga ghorofa ya pili, akaoza wanawe kwa karamu kubwa, kisha akafa bila ya kuiona Al-Kaaba, hakufa maskini wa mali. Alikufa maskini wa azma; na wanawe, kabla ya kuhesabu mafungu yao, imewapasa kumtafuta mtu wa kwenda kulitekeleza lile lililokuwa ni lake.

MLANGO WA PILI: KADIRI YA KUCHUKUA

Aliyekwisha kuazimu ana khatari ya pili, nayo ni kuchukua zaidi ya uwezo wake. Na katika hili hapana darasa bora kuliko khabari ya Abdallah bin Amri bin Al-As R.A., iliyopokewa katika Bukhari na Muslim.

Abdallah alikuwa kijana mwenye nguvu na mwenye kuipenda ibada. Baba yake alimwoza mke wa nasaba njema katika Makureshi, kisha akawa akimwuliza yule mke khabari ya mumewe. Mke akamsifu kuwa ni mtu mwema sana, ila tangu walipooana hajakikanyaga kitanda chake. Mchana alikuwa amefunga, na usiku alikuwa amesimama. Baba akapeleka khabari kwa Mtume S.A.W.

Mtume alimwita, akamwuliza kama ni kweli. Alipokiri, akamkataza, akamfahamisha kwamba mwili wake una haki juu yake, na jicho lake lina haki, na mke wake ana haki, na mgeni wake ana haki. Akamtaka afunge siku tatu kila mwezi, kwa kuwa jema moja hulipwa kumi, basi siku tatu ni kama mwezi mzima. Abdallah akasema kuwa anaweza zaidi. Mtume akamzidishia kidogo kidogo, naye kila mara akitaka zaidi, mpaka wakafika katika saumu ya Nabii Daudi A.S.: kufunga siku moja na kufungua siku moja. Abdallah akataka iliyo bora kuliko hiyo. Akaambiwa kwamba hapana iliyo bora. Na katika kusoma Kurani vile vile: aliambiwa akhitimu kila mwezi, akataka zaidi, mpaka akafikishwa katika siku saba.

Wengi wanaosimulia khabari hii huishia hapa. Lakini kilicho na mazingatio zaidi ni mwisho wake. Miaka ilipita, na yule kijana akawa mzee. Nguvu zikapungua, bali ahadi haikupungua. Ikawa lile fungu la Kurani analotaka kulisoma usiku, humsomea kwanza mmoja wa watu wa nyumbani kwake mchana, apate kuhafifikiwa usiku. Na akitaka kupata nguvu za mwili, hufungua siku kadha wa kadha mfululizo, akazihesabu, kisha akafunga idadi yake, kwa kuchukia kuacha jambo aliloagana nalo na Mtume S.A.W. Naye alikuwa akisema kuwa laiti angaliipokea ile ruhusa.

Lizingatie jambo hili. Abdallah hakujuta kwamba alifanya ibada. Alijuta kwamba aliipima ibada ya umri mzima kwa nguvu za ujana. Alipokuwa akijibizana juu ya kadiri, alikuwa akisema kwa niaba ya mtu mmoja tu, naye ni kijana wa siku ile. Yule mzee ambaye angelipa ahadi hiyo hakuwapo barazani, wala hakuulizwa. Basi kila atakaye kujipangia jambo la kudumu, na amwite kwanza yule mtu wa miaka sitini atakayelichukua, amwulize kama mzigo huu unambebeka.

Wala si Abdallah peke yake aliyefundishwa hivi. Mtume S.A.W. aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza, akaambiwa kuwa ni kamba ya Zainabu, akichoka katika sala hujishika nayo. Akaamrisha ifunguliwe, na kwamba mtu asali maadamu yu mkunjufu, akichoka aketi. Kadhalika imepokewa kwamba amali ipendezayo mbele ya Mungu zaidi ni ile idumuyo, ijapokuwa ni kidogo. Na huyo huyo Abdallah alitahadharishwa asiwe kama fulani, aliyekuwa akisimama usiku kisha akaacha. Kwa ajili hiyo wanachuoni wamesema ni makuruhu mtu kuiacha sala ya usiku aliyoizoea bila ya udhuru. Mlango wa kuingia ni mpana. Basi mtu aangalie anachoingia nacho, maana kukitoa nje ni aibu.

Na Mwenyezi Mungu, ambaye hashindwi na kitu, hakuteremsha Kurani yote kwa mara moja juu ya watu. Ilikuja kwa miaka 23, kidogo kidogo, kwa kadiri ya yaliyotokea. Bibi Aisha R.A. ameeleza kwamba mwanzo ziliteremka sura zitajazo Pepo na Moto, hata nyoyo zilipotulia katika Uislamu ndipo ikaja halali na haramu. Na lau jambo la kwanza lingalikuwa kukatazwa ulevi, watu wangalikataa kuuacha. Ikiwa umati mzima ulilelewa kwa daraja, mtu mmoja ni nani hata atake kuigeuza nafsi yake kwa usiku mmoja?

TANBIHI. Baadhi ya watu, waonapo azma yao inalegea, hujifunga kwa nadhiri, wakidhani kuwa nadhiri ni kamba ya kuwashika. Huu ni ujasiri mbaya. Mwenye kuweka nadhiri ya ibada ya sunna ameigeuza kuwa wajibu. Jana akiiacha hana dhambi, leo akiiacha ni mwenye kuasi. Na Mtume S.A.W. alikataza kuweka nadhiri, akabainisha kwamba hairudishi kitu katika kadari. Atakaye kudumu na azidishe azma na apunguze kipimo.

MLANGO WA TATU: YASIYONGOJEA

Hapa lazima lisemwe jambo, isije darasa hii ikawa kitanda cha wavivu. Watu wa pwani wana methali isemayo, "Haraka haraka haina baraka," na kila mmoja huijua. Wanayo na nyingine isemayo, "Ngoja ngoja huumiza matumbo," na hii husahauliwa. Zote mbili ni kweli, kila moja mahali pake. Na kazi ya elimu ni kuonyesha mahali hapo.

Kwenda kwa kadiri ni katika sunna, na katika kutafuta elimu, na katika faradhi ambayo sharia yenyewe imeipa nafasi. Ama lililokwisha kuwa deni halina kadiri ya kujichagulia. Aliyeacha sala ya faradhi bila ya udhuru, kwa madhehebu ya Shafii, ni wajibu ailipe upesi, wala hana ruhusa ya kuchelewesha ila kwa lisilokuwa na budi, kama kula, na kulala kwa kadiri ya haja, na kuwatafutia riziki wale walio juu yake. Mtu mwenye miaka mitano ya sala zisizolipwa, naye anakesha katika sunna, amejenga dari juu ya nyumba isiyokuwa na msingi. Na aliyekopa, deni likafika wakati wake, naye ana cha kulipia, kuchelewesha kwake ni dhulma. Haimfai kusema kuwa analipa pole pole kwa kuwa dini ni wastani. Vile vile toba. Hapana mwanachuoni aliyesema kwamba mtu ana nafasi ya kuendelea na haramu mpaka mwisho wa mwaka.

Manahodha waliokuwa wakisafiri baina ya pwani hii na Bara Arabu walilijua jambo hili kwa vitendo. Baharini hawakuwa na pupa. Walitua tanga upepo ulipozidi, wakangoja maji yajae ndipo waingie bandarini. Lakini msimu hawakuuchezea. Walikuja kwa kaskazi na kurejea kwa kusi, na aliyechelewa kupakia mpaka upepo ukageuka, ustadi wake wote haukumfaa. Alikaa kungojea mwaka mwingine. Ndivyo alivyo mwenye akili: mpole katika mwendo, mkali katika msimu. Na msimu wa mwanadamu, kama alivyokhabarisha Mtume S.A.W., aghalabu yake ni baina ya miaka sitini na sabini katika umati huu.

MLANGO WA NNE: NAMNA YA KUJIPANGIA, NA HUKUMU YA KAZI ISIYOKWISHA

Masahaba walikuwa na mafungu yao yajulikanayo. Katika kusoma Kurani kwa siku saba, baada ya Alhamdu, waligawa hivi: siku ya kwanza sura tatu, ya pili tano, ya tatu saba, ya nne tisa, ya tano kumi na moja, ya sita kumi na tatu, na ya saba kuanzia Suratu Qaf hata mwisho. Angalia jinsi hesabu ilivyo nyepesi kushika. Azma isiyokuwa na hesabu hupotea kama maji mchangani.

Asiyeweza hayo, na aangalie msahafu wa mistari kumi na mitano uliozagaa siku hizi. Kurasa zake ni 604. Akisoma kurasa nne baada ya kila sala ya faradhi, atasoma kurasa 20 kwa siku, nayo ni kadiri ya juzuu moja. Atakhitimu kila mwezi. Akisoma ukurasa mmoja baada ya kila sala, atakhitimu kwa siku 121. Na mwenye kazi nyingi, baharini au dukani, akishika kurasa mbili tu kwa siku, atakhitimu kwa siku 302. Mwaka wa Hijra una siku 354 au 355. Basi zimemsalia siku zaidi ya hamsini za maradhi na safari na misiba. Huyu wa kurasa mbili, akidumu miaka thelathini, amekhitimu mara thelathini. Na yule wa Ramadhani aliyeazimu siku kumi kumi, akaacha Shawwali, aghalabu hana hata moja baada ya hapo.

Na mfano wa jambo hili ni Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake vimesomwa katika madrasa za pwani vizazi kwa vizazi. Alizaliwa Nawa katika nchi ya Sham mwaka wa 631 wa Hijra, akafika Dameski akiwa na miaka kumi na tisa, akafa mwaka wa 676, umri wake miaka 45 tu. Aliyeandika Minhaji na Riyadhu-Salihina na Sharhi ya Muslim hakuwa na umri mrefu. Alikuwa na siku zilizogawanywa. Na katika hiyo Riyadhu-Salihina aliweka mlango wa kwenda wastani katika ibada, na baada yake akaweka mlango wa kuzihifadhi amali. Wa pili haukufuata wa kwanza kwa bahati: kitu kisichochukuliwa kwa wastani hakihifadhiki.

Imamu huyu alianza kitabu kikubwa cha fikihi, Al-Majmuu. Mauti yalimkuta yu katika mlango wa riba, na kitabu hakijakwisha. Imamu Taqiyuddin As-Subki akakiendeleza, naye akafa hajakimaliza. Kikaja kukamilishwa katika karne ya 20 ya miladi na Sheikh Muhammad Najib Al-Mutii wa Misri. Je, Nawawi alikosea kuanza asichoweza kumaliza? La. Tofauti yake na yule wa "Inshallah mwakani" ni kwamba yeye mauti yalimkuta akiandika.

Mtume S.A.W. aliwachorea masahaba mraba, akapiga mstari katikati uliotoka nje ya mraba, na kandokando mistari midogo. Akawaeleza kuwa mraba ni ajali iliyomzunguka mtu, na mstari utokao nje ni matumaini yake, na midogo ni misiba. Ukimkosa huu humpata huu. Matumaini ya mwanadamu yatatoka nje ya mraba daima. Lakini yeye Mtume ndiye aliyefundisha vile vile kwamba, Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda kabla hajaondoka, na aupande. Basi mwanadamu hakukalifishwa kuyaona matunda. Amekalifishwa mkono wake usiwe mtupu.

MASWALI YA KUULIZANA WANAFUNZI

1. Watu wawili wameakhirisha sala ndani ya wakati wake. Ni lipi limtialo mmoja dhambini na kumwacha mwenziwe?
2. Ni lini nafasi ya kuakhirisha Hija huondoka kwa mwenye uwezo? Na akifa, hutolewa wapi na kabla ya nini?
3. Abdallah bin Amri alijuta kitu gani katika uzee wake, na kitu gani hakukijuta?
4. Taja mambo matatu yasiyofaa kuchukuliwa pole pole.
5. Mtu ameweka nadhiri ya kufunga kila Jumatatu maisha yake. Amegeuza nini juu ya nafsi yake?

Mwenyezi Mungu awape Waislamu azma za kweli, na kadiri ya kuzibeba, na mwisho mwema.

Wallahu aalam.